Bustani ya Haradali na Haki ya Ndoo ya Maji

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa Jumuiya Ndogondogo, Ilongero, Singida





Mliposikia kwamba mada ya leo ni kilimo cha haradali katika bustani ya nyumbani, yamkini baadhi yenu mlijiuliza: je, haya si mambo ya bwana shamba? Haki na Amani yahusika vipi na tuta la mboga? Swali hilo ni la halali, nami nitajaribu kulijibu kwa utaratibu. Kwanza nitaieleza mboga yenyewe. Pili, nitaeleza namna ya kuilima katika nchi kavu kama hii yetu. Tatu, nitaeleza jambo ambalo kwa kawaida halielezwi katika semina za kilimo, yaani ni nani anayeibeba bustani hiyo kichwani, na ni nani anayekula na kuamua matunda yake.

1. Mboga tunayoizungumzia

Haradali tunayoizungumzia hapa ni ile ya majani. Katika masoko mengi ya Tanzania yaitwa figiri, na huko Arusha na Meru wengi huiita loshuu. Vitabu vya kilimo huiita haradali ya Ethiopia. Ni ndugu wa kabichi, wa sukuma wiki na wa ile mboga tuiitayo Chainizi, lakini majani yake yana ukali kidogo mdomoni, na ukali huo ndio utambulisho wa ukoo wa haradali.

Wengi wenu mwakumbuka punje ya haradali katika Injili. Wafafanuzi wengi huielewa kuwa ni haradali nyeusi. Inafaa kujua kwamba hii yetu ni uzao wake. Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea aitwaye Nagaharu U alionyesha kwamba haradali ya Ethiopia ilitokana na kuchanganyika kwa haradali nyeusi na mmea wa jamii ya kabichi. Kwa hiyo punje mnazozishika mkononi mkipanda figiri zina undugu wa kweli na ile punje ya mfano.

Kwa nini tuipende? Kwanza, inakua upesi. Tangu kusia mbegu hadi kuchuma majani ya kwanza ni kiasi cha wiki sita, na mara nyingine hupungua. Pili, huchumwa mara nyingi: unachukua majani ya chini na kuuacha moyo wa mmea uendelee. Tatu, majani yake yana vitamini A, vitamini C, madini ya chuma na chokaa. Hayo si mambo madogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu wa kimo. Uwezo wake wa kujifunza na nguvu zake za kupambana na magonjwa vyaweza kupungua pia. Mboga peke yake haiondoi udumavu, maana mtoto anahitaji pia maharage, kunde, mayai, maziwa na maji safi. Lakini chungu kisicho na mboga za majani kina upungufu ambao ugali wa uwele au wa mtama hauwezi kuuziba.

2. Hesabu ya maji

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Kila mmoja wetu ajua kwamba Singida ni nchi ya mvua za msimu mmoja. Mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na baada ya hapo ni ukavu na upepo. Bustani ya mboga katika miezi hiyo haina mvua ya kuitegemea. Inategemea ndoo.

Hebu tupige hesabu. Chukueni tuta moja dogo lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Humo yaingia mistari 3 yenye mashina 10 kila mmoja, yaani mashina 30. Ukichuma majani mawili au matatu katika kila shina kwa wiki, unapata majani 60 hadi 90, ambayo ni mboga ya siku kadhaa kwa familia. Tuta hilo wakati wa kiangazi lahitaji kiasi cha lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 20. Ni ndoo moja kamili.

Ndoo moja yaonekana ndogo. Lakini Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mkazi wa kijijini apate lita 25 kwa siku kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ina maana tuta hilo moja hunywa maji karibu sawa na mtu mmoja. Mnapoanzisha bustani ya kiangazi, ni kana kwamba mmemkaribisha mwanakaya mwingine, na mwanakaya huyo hachoti maji mwenyewe.

Endeleeni na hesabu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Tangu Mei hadi mwisho wa Oktoba ni siku 184. Ndoo moja kila siku kwa siku hizo ni kilo 3,680, yaani zaidi ya tani tatu na nusu. Na kama kisima kiko mwendo wa nusu saa, kwenda na kurudi ni saa 1 kila siku, saa 184 kwa msimu mzima. Je, ni kichwa cha nani kitakachobeba tani hizo? Ni masomo ya nani yatakayopoteza saa hizo? Hapa ndipo, ndugu zangu, tuta la mboga linapoingia katika mambo ya Haki na Amani.

Nchi yetu ilikwisha kuiona haki hii zamani. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao ifikapo 1991. Lengo hilo halikutimia. Mwaka 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, pamoja na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii. Tunao wajibu wa kuhudhuria mikutano ya vyombo hivyo, kudai mapato na matumizi yasomwe, na kuhakikisha kwamba akina mama wamo ndani yake kwa sauti na si kwa majina tu. Lakini wakati tukidai bomba, tusimlemeze mtu mmoja nyumbani.

3. Namna ya kulima kwa maji machache

Zipo njia za kupunguza mzigo huo, nazo ndizo kiini cha kilimo hiki kwa watu wa hapa.

Chagueni majira. Haradali hupenda ubaridi. Hapa kwetu juu uwandani, Juni na Julai ni miezi ya baridi, nayo huifaa sana. Joto la Oktoba na Novemba huifanya itoe maua upesi na majani yawe machache na makali. Basi, pandeni kitalu mwishoni mwa Machi. Miche italelewa na mvua za mwisho, itahamishwa Aprili, na kufikia Mei mizizi itakuwa imeshika. Mtamwagilia Mei, Juni na Julai tu, na mboga ya ziada mtaikausha kwa ajili ya miezi ya Septemba hadi Novemba. Kwa njia hiyo mzigo wa miezi sita unakuwa wa miezi mitatu.

Chimbeni tuta la kuzama. Watu wengi huinua matuta kwa mazoea ya nchi zenye mvua nyingi. Katika nchi kavu fanyeni kinyume: chimbeni chini kiasi cha kiganja kimoja, muache kingo pembeni. Maji hubaki ndani na upepo haukaushi udongo upesi.

Tieni samadi iliyooza. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, haushiki maji. Samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku iliyokaa miezi mitatu au zaidi hushika maji na kulisha mmea. Samadi mbichi huunguza mizizi, hivyo isitumike. Debe moja hadi mawili kwa kila mita ya mraba, likichanganywa vizuri na udongo, latosha kuanzia.

Funikeni udongo kwa matandazo, yaani majani makavu, mabua ya uwele au maganda ya alizeti. Mwagilieni jioni au alfajiri, si mchana. Jengeni kizuizi cha upepo kwa mabua au kwa ua wa minyaa upande upepo unakotokea.

Tumieni maji mara mbili. Maji ya kuoshea mboga, ya kunawia mikono na ya kusuuzia vyombo yaweza kunywesha bustani. Msitumie maji yenye sabuni nyingi, dawa ya kufulia au chumvi. Mwagieni penye shina, si juu ya majani. Nyumba yenye watu sita yaweza kupata nusu ndoo kwa siku kwa njia hii peke yake.

Kuhusu upandaji: sieni mbegu katika kitalu kwa mistari, kina cha nusu sentimita, kwa kuwa ni punje ndogo sana. Baada ya wiki tatu au nne, miche ikiwa na majani manne hadi matano, ihamisheni jioni, shina hadi shina sentimita 40. Palilieni mapema. Msirudie kupanda haradali, kabichi, sukuma wiki au Chainizi mahali pale pale mfululizo, kwa maana magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Msimu unaofuata pandeni hapo kunde, vitunguu au mchicha.

Adui wakubwa ni vidukari, ambao hujificha chini ya majani na kuyakunja, na viwavi wa nondo, ambao hutoboa majani. Kagueni kila mnapochuma. Vidukari wachache wasuguliwe kwa vidole au waoshwe kwa maji. Majani au mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha husaidia. Dawa za dukani zina siku za kungoja kabla ya kuchuma, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Anayepuliza leo na kupeleka sokoni kesho anamlisha jirani yake sumu. Hilo nalo ni jambo la haki.

4. Nani anachota, nani anaamua

Sasa nizungumze waziwazi, hasa na akina baba wenzangu.

Katika nyumba nyingi bustani ya mboga huitwa "bustani ya mama". Jina hilo lina heshima, lakini pia lina mtego. Wakati wa kuchota maji, ni ya mama na binti. Mboga ikianza kuuzwa mnadani na fedha kuonekana, ghafla yawa bustani ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye mweka fedha. Huo si utaratibu wa Mungu wala si mila njema.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kabla ya jembe la kwanza, familia ikae na kukubaliana mambo matatu.

Jambo la kwanza ni maji. Andikeni zamu. Baba na wavulana wachukue siku zao. Mwenye baiskeli, punda au mkokoteni aweza kuleta madumu manne kwa safari moja, kazi ambayo binti angeifanya kwa safari nne. Hakuna andiko linalosema kichwa cha mwanamke kiliumbwa kwa ajili ya ndoo.

Jambo la pili ni mavuno. Kwanza chungu, kisha soko. Isitokee majani mazuri yakaenda mnadani na watoto wakabaki na yale ya manjano. Na mezani, mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wasingoje mabaki.

Jambo la tatu ni fedha. Aliyefanya kazi awe na sauti katika matumizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ikiwa mahakama imeona hivyo, sisi wenye kusali pamoja jioni tutashindwaje kuona?

5. Ardhi ya bustani

Mahali pazuri pa bustani ni pachache: bondeni, karibu na kisima, au kando ya lambo. Ndiyo maana penye mboga ndipo panapozuka ugomvi. Mjane aliyelima mahali kwa miaka mingi anaambiwa na ndugu wa marehemu kwamba ardhi ni ya ukoo na yeye ni mgeni.

Viongozi wa walei hawana budi kuijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo inasema kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Inasema pia, katika kifungu cha 20, kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Aidha, imeanzisha Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake, ili lisuluhishe migogoro kabla haijawa uadui. Mjane akilia, asiambiwe tu, "Sali, mama." Asindikizwe mpaka kwenye baraza.

6. Kuku, mbuzi na ujirani

Singida yasifika kwa kuku wa kienyeji, na kuku hao hawajui mipaka. Kuku watano wakiingia katika kitalu asubuhi, kufikia saa nne hakuna mche. Kutokana na hapo husikika matusi, fimbo, hata kuku kuuawa na watu kupelekana kwa mtendaji. Amani ya kitongoji yavunjika kwa ajili ya miche thelathini.

Mwenye bustani ajenge ua wa miiba au mabua kabla ya kupanda. Mwenye mifugo aifungie wakati wa miche, angalau wiki mbili za kwanza. Uharibifu ukitokea, wazee wawili wa Jumuiya waende kutazama pamoja na pande zote mbili, na fidia iwe ya miche au ya samadi, si ya ghadhabu. Samadi ya mfugaji ni uhai wa bustani, na maganda na majani ya bustani ni lishe ya mbuzi. Majirani hawa wanahitajiana kuliko wanavyokubali.

7. Kupika, kukausha na kuhifadhi mbegu

Osheni majani kabla ya kuyakata, si baadaye. Pikeni kwa muda mfupi na kwa maji kidogo, wala msimwage maji yake, kwa kuwa vitamini C huyeyuka humo. Tieni mafuta ya alizeti au karanga zilizotwangwa, kwa sababu mwili hauwezi kuitumia vizuri vitamini A ya majani pasipo mafuta. Nyanya au ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma, na chai ya rangi mara baada ya kula huzuia. Ingojeeni kidogo.

Wazee wetu walijua kukausha mboga ili zivushe kiangazi. Tusiuache ujuzi huo. Majani ya haradali yatumbukizwe kwa muda mfupi katika maji yanayochemka, yatandazwe kivulini penye hewa, si juani, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A. Yakikauka yawekwe katika chombo kilichofungwa.

Kuhusu mbegu, acheni mashina machache yaliyo bora, yale yaliyochelewa kutoa maua, yasichumwe. Maganda yakigeuka manjano kateni mashina kabla hayajapasuka, yaanikeni juu ya turubai, pigeni na kupepeta. Mbegu za mashina hayo zaweza kutosha Jumuiya nzima. Hapa haradali hufundisha ukarimu kwa urahisi: kijiko kimoja cha mbegu chaweza kuanzisha bustani ya jirani, na hakimpunguzii mwenye kutoa.

8. Hitimisho

Ndugu wapendwa, haki haianzii mahakamani. Yaanzia pale baba anapoinua dumu ambalo jana lilikuwa la binti yake, na binti akafika shuleni mapema. Yaanzia pale mama anaposhika fedha ya mboga alizozimwagilia bila kuificha katika upindo wa khanga. Bustani iliyostawi kwa mgongo wa mtu mmoja ina majani mabichi na mzizi uliooza. Tuilime haradali, lakini tuilime kwa zamu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika nyumba zetu, ni nani huchota maji, na ni saa ngapi kwa siku? Je, wavulana wamo?
2. Fedha ya mboga, mayai na vitu vidogo vidogo huamuliwa na nani?
3. Je, yupo mjane au yatima katika Jumuiya yetu anayenyimwa mahali pa kulima? Tumemsaidia kufika kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji?
4. Chombo cha watumiaji maji hapa kwetu husoma mapato na matumizi lini? Ni nani kati yetu atakwenda kusikiliza na kuturudishia habari?
5. WAWATA, akina baba na vijana wanaweza kuanzisha kitalu kimoja cha pamoja mwezi wa Machi? Zamu ya maji itakuwaje?